Ajali Imetokea, na Bima Imekwisha

(Somo hili lilisomwa redioni katika masomo ya watu wazima juu ya sheria na maisha ya kila siku. Limepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya masomo, na kwa kila mtu asiyeweza kusikiliza saa ile.)

Juma lililopita tulizungumza juu ya mkataba wa kupanga nyumba. Leo twende barabarani. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wenye motokaa, pikapu na pikipiki hawapendi kulifikiri mpaka limewafika: mtu amepata ajali njiani, naye hana bima, au anayo karatasi ya bima lakini karatasi hiyo haina nguvu tena.

Kwanza nitakupa kisa. Si kisa cha mtu ninayemjua. Nimekitunga ili tupate kukiangalia pamoja. Lakini wanaoipita barabara ya Morogoro watakubali kwamba hakina ajabu.

Mtu ana pikapu yake. Amepakia matenga ya nyanya huko Mlali usiku, apate kufika sokoni Dar es Salaam mapema. Bima ya pikapu ilikwisha siku tisa nyuma, naye anajua. Amejiambia kwamba akiuza nyanya hizi, jambo la kwanza atakalofanya ni kulipa bima. Alfajiri, karibu na Chalinze, mwenye baiskeli anatokea katika njia ya vumbi, na pikapu inamgonga. Baiskeli imepindika. Mtu yuko chini, mguu umevunjika, anapiga kelele, kwa hiyo yu hai. Hakuna mtu mwingine ila mama mmoja upande wa pili wa barabara, anawasha moto wa kukaangia maandazi.

Sasa nataka uwe mkweli. Kama ungalikuwa wewe, wazo gani lingalikujia kwanza? Madereva niliozungumza nao wakati wa kutayarisha somo hili walinijibu bila kuficha: wazo la kwanza si mguu wa yule mtu. Wazo la kwanza ni bima. Na kutokana na wazo hilo huzaliwa mengine matatu upesi upesi. La kwanza, kanyaga mafuta uondoke, maana hakuna aliyeona. La pili, mpigie simu yule kijana wa bima akukatie bima sasa hivi, askari akija aikute. La tatu, mpe huyu mtu laki mbili, mpakie kwenye bajaji, mambo yaishe hapa hapa.

Kabla ya kuyachungua mawazo hayo, yafaa tutenganishe mambo ambayo mtu mwenye hofu huyachanganya. Kutokuwa na bima ni kosa, lakini kosa hilo mwenye pikapu alikwisha kulifanya tangu alipoitoa gari barabarani. Hata kama angalifika sokoni salama, kosa lilikuwa limetendeka. Sheria ya Bima ya Magari inakataza kutumia gari barabarani pasipo bima, na inakataza pia kumruhusu mtu mwingine alitumie. Ajali ni jambo la pili, nalo lina maswali yake: nani alikosa, mwendo ulikuwa gani, taa zilikuwaka au hazikuwaka. Na jambo la tatu ni lile atakalofanya katika saa moja inayofuata. Mambo mawili ya kwanza yamekwisha kupita. Hilo la tatu tu ndilo bado limo mikononi mwake, na ndilo linaloweza kumwangamiza.

Basi tuanze na kukimbia. Mtu anayekimbia hukimbia kosa la bima, ambalo aghalabu mwisho wake ni faini, akaangukia katika kosa la kumgonga mtu na kumwacha. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame, atoe msaada, atoe jina lake na la mwenye gari, na apeleke habari polisi. Yule majeruhi akifa kwa kuwa damu ilimwagika saa mbili bila msaada, hakimu atauliza swali moja: dereva alikuwa wapi? Tena usidhani kwamba hakuna aliyeona. Mama wa maandazi anazo simu na macho. Vipande vya taa vimebaki barabarani, na pikapu yenye taa moja iliyovunjika haifichiki.

Kwa hiyo simama. Washa taa za hatari, weka pembetatu za onyo nyuma na mbele ya gari, maana magari mengine yanakuja kwa kasi na ajali ya pili huua kuliko ya kwanza. Mwangalie aliyeumia. Kama anavuja damu, kandamiza jeraha kwa nguo safi. Usimvute wala kumwinua kwa mikono na miguu, isipokuwa kama gari linawaka moto au magari mengine yatamkanyaga, kwa sababu uti wa mgongo uliovunjika waweza kuharibiwa kabisa na mtu mwenye nia njema. Piga simu 112. Usiiondoe gari mahali iliposimama kabla askari hajaja kupima, ila kwa ajili ya kumwokoa mtu. Na ukilazimika kuiondoa, piga picha kwanza au weka alama za mawe penye magurudumu.

Watu wengi huniuliza juu ya fomu ya polisi, ile PF3. Fomu hii hutolewa kituoni, na daktari huandika ndani yake aliyoyaona mwilini mwa majeruhi, nayo huwa ushahidi baadaye. Ina maana kubwa. Lakini mtu mahututi apelekwe hospitali kwanza, na mtu mwingine aifuate fomu kituoni wakati matibabu yanaendelea. Haifai kabisa kumzungusha mtu mwenye mguu uliovunjika mpaka kituo cha polisi kutafuta karatasi.

Na kama watu wamejaa, wana mawe mikononi, wanataka kukupiga au kuichoma gari? Hapo hali ni nyingine. Ondoka, lakini nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, ukaseme: nimepata ajali mahali fulani, kuna mtu ameumia, nimeondoka kwa kuhofia maisha yangu. Kituoni, si nyumbani. Wala usipitie kwa shemeji kwanza kutafuta ushauri.

Sasa wazo la pili, la kukata bima baada ya ajali. Hili ndilo linalowadanganya hata watu waliosoma, kwa kuwa siku hizi bima hukatwa kwa simu katika dakika chache. Lakini fikiri bima ni kitu gani. Watu wengi wanachanga fedha kidogo kidogo kwa ajili ya balaa ambalo hakuna anayejua litamwangukia nani. Balaa likishaanguka, hakuna tena cha kukatia bima. Kilichobaki ni deni. Kumwambia wakala, "Niandikie tarehe ya jana," ni kumwomba mshirikiane katika udanganyifu. Na hata kama bima imeandikwa tarehe ya leo, saa ya kuikata imo ndani ya mtambo, na saa ya ajali imo katika kitabu cha polisi na katika simu ya mama wa maandazi. Kampuni ikizilinganisha saa hizo haitalipa. Nawe uliyekuwa na kosa moja la faini umekwisha kujitafutia mashitaka ya udanganyifu.

Askari akikuuliza bima, sema kweli: bima yangu ilikwisha tarehe fulani. Ataiona mwenyewe. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009, ina mtambo ambao mtu yeyote mwenye simu yenye intaneti aweza kuuandikia namba ya gari, ukamwambia kama bima iko hai. Ukweli uliousema mapema hukusaidia mbele ya hakimu. Uwongo ulioshikwa unafanya na maneno yako mengine yote, hata yale ya kweli juu ya mwenye baiskeli kutokea bila taa, yasisadikiwe. Eleza uliyoyaona. Usikisie mwendo wa gari kama huujui, wala usijitwike kosa lote kwa sababu ya huruma, wala usimbandike majeruhi kosa lote kwa sababu ya hofu. Maelezo yakiisha kuandikwa, yasomewe kwako tena kabla hujatia sahihi. Ukiwekwa ndani, omba dhamana. Dhamana ya polisi hailipiwi. Wala usimtie askari kitu mkononi, maana hapo utakuwa umeongeza na kosa la rushwa.

Nikae kidogo na wazo la tatu, la kupatana, kwa sababu halifanani na mengine mawili. Kupatana si jambo baya. Watu wetu wamezoea kukaa chini na kusuluhishana, na mara nyingi majeruhi hupata fedha mapema kuliko kungoja kesi. Ubaya ni kupatana pale pale barabarani. Saa ile hakuna anayejua mguu umevunjika mara ngapi. Laki mbili inaonekana nyingi alfajiri. Adhuhuri daktari anasema vyuma vinatakiwa, na fedha hizo hazitoshi hata kulala wodini. Majeruhi ataona amedhulumiwa, na atakuwa na haki ya kuona hivyo. Nawe huna karatasi hata moja ya kuonyesha ulichotoa.

Basi ukitaka kupatana, ngoja mpaka daktari amesema hali yake. Lipia matibabu ya mwanzo ukiweza, na tunza kila risiti. Kisha kaeni pamoja na ndugu zake na mashahidi, ofisi ya serikali ya mtaa au kwa wakili, mwandike: tarehe na mahali pa ajali, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki na tarehe za kukilipa, na kama malipo hayo ni ya mwisho au si ya mwisho. Kila mtu atie sahihi, kila mtu abaki na nakala. Mtu aliyelala kitandani kwa maumivu, au asiyejua kusoma, asitiishwe kidole gumba katika karatasi ambayo hakusomewa. Karatasi ya namna hiyo yaweza kukataliwa mahakamani, na ni aibu mbele ya watu. Na mjue nyote wawili kwamba mapatano yenu hayaifungi Serikali. Kosa la kuendesha bila bima, na kosa la uzembe kama lilikuwapo, ni mashauri ya Serikali, nayo yaweza kuendelea hata kama nyinyi mmekwisha kula pamoja.

Hapa tumefika kwenye fundo la somo. Wengi hudhani kwamba wakilipa faini mahakamani wamemaliza. Sivyo. Faini inaingia katika mfuko wa Serikali. Majeruhi hapati hata senti moja ndani yake. Yeye anayo haki yake nyingine, ya kukudai fidia: gharama za hospitali, mapato aliyopoteza akiwa kitandani, maumivu, na kilema kama kimebaki. Akifa, waliokuwa wakimtegemea wanaweza kudai. Kwa madai ya namna hii Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1971 inampa mtu miaka 3. Kwa hiyo ukimya wa mwaka mmoja si msamaha.

Na ni nani atakayelipa? Hapa ndipo utakapoelewa kwa nini Serikali inakulazimisha kukata bima, wala haikulazimishi kuweka redio ndani ya gari. Bima ile ya lazima, ambayo watu huiita bima ndogo, haikulindi wewe wala pikapu yako. Mtu wa kwanza ni wewe uliyekata bima, wa pili ni kampuni, na mtu wa tatu ni kila mwingine aliyeko barabarani: mwenye baiskeli, mtoto wa shule, mwenye ukuta uliougonga. Bima hii ni yake. Huko Uingereza kabla ya 1930 ilikuwa jambo la kawaida majeruhi kushinda kesi akabaki na hukumu nzuri mkononi na njaa tumboni, maana aliyemgonga hakuwa na kitu. Ndipo sheria ya mwaka huo ikawalazimisha wenye magari kukata bima kwa ajili ya watu wengine, na sheria za nchi zetu za Afrika Mashariki zilifuata mfano huo tangu zama za ukoloni.

Bima ikiwapo, majeruhi akishinda kesi, kampuni inalipa. Bima isipokuwapo, hukumu ile ile inakuangukia wewe. Usipolipa, mahakama yaweza kuamuru mali yako ikamatwe, na dalali wa mahakama aiuze mnadani, pikapu ikiwa ya kwanza. Mtu asiyeweza kulipa kwa mkupuo aweza kumwomba hakimu alipe kidogo kidogo, na ni vizuri aombe mapema kuliko kujificha. Kwa kulinganisha, bima ndogo ya motokaa ya mtu binafsi kwa miaka ya karibuni imekuwa Shs. 118,000/- kwa mwaka pamoja na kodi, yaani kama Shs. 323/- kwa siku. Magari ya biashara hulipa zaidi, lakini nayo hesabu yake haifanani na gharama ya mguu wa mtu.

Neno kwa matajiri na madereva wao. Tajiri akimtuma dereva kazini na dereva akamgonga mtu katika kazi hiyo, tajiri naye hudaiwa fidia. Na dereva asiseme, "Gari si langu, bima si shauri langu." Yeye ndiye aliyeshika usukani, naye ndiye atakayeulizwa kwanza. Dereva mwenye akili huuliza habari za bima kabla ya kuwasha gari, kama anavyotazama maji na oili.

Nimesema mwanzoni kwamba kuna bima isiyo na nguvu ijapokuwa karatasi ipo. Hili ni baya zaidi, maana mwenyewe hajui. Umenunua gari kwa mtu, ukakuta ndani karatasi ya bima ya miezi saba mbele, ukafurahi. Lakini mkataba ule ni wa kampuni na yule aliyekuuzia, si wako; nenda kwenye kampuni ukaandikishwe upya. Au umekata bima ya gari la nyumbani, kumbe unabeba abiria wa kulipa kila asubuhi. Au leseni yako imekwisha, au si ya aina ya gari unaloendesha. Au umemlipa wakala nusu, ukaahidi nusu, naye hakupeleka kitu. Katika baadhi ya makosa haya sheria humlinda majeruhi, kampuni ikamlipa. Lakini baada ya kumlipa hukugeukia wewe ikazidai fedha zake. Kwa hiyo soma karatasi yako, hasa pale paliposema gari litumike kwa kazi gani na liendeshwe na nani. Na usihesabu siku za huruma ambazo hazikuandikwa.

Mimi mwenyewe sina ujasiri wa kuwacheka wengine. Mwaka mmoja niliendesha majuma matatu na bima iliyokufa, nikizunguka wilayani kukagua madarasa ya watu wazima, tena nikiwafundisha watu habari za kutunza kumbukumbu. Tarehe nilikuwa nimeiandika katika kitabu cha mwaka uliopita. Tangu hapo nimeiandika ukutani jikoni, na mke wangu ndiye anayenikumbusha.

Jambo moja tena, kwa sababu wengi hudhulumiwa hapa. Kama wewe usiye na bima ndiye uliyegongwa, labda umesimama penye taa nyekundu na lori likakupiga kwa nyuma, kutokuwa kwako na bima hakukufanyi uwe mkosaji wa ajali ile. Utashitakiwa kwa kosa lako la bima, hiyo ni kweli. Lakini haki yako ya kumdai mwenye lori na kampuni yake iko pale pale. Usikubali kutishwa: "Nyamaza, maana wewe huna bima." Chukua namba ya gari lake, jina lake, jina la kampuni yake ya bima, na majina na simu za mashahidi, kisha ngoja askari apime.

Kwa wale mnaosoma katika vikundi, nawaachia kazi ya kuzungumza kabla ya somo lijalo. Rudini kwa mwenye pikapu wetu. Alisimama, alimpeleka majeruhi hospitali ya karibu, alisema kweli polisi. Nyanya zimeanza kuharibika, na ndugu wa majeruhi wamekuja, wanataka pikapu ibaki kwao kama amana mpaka mgonjwa apone. Mwenye pikapu anasema bila pikapu hataweza kupata fedha za kuwalipa. Wagawanyikeni pande mbili, mtafute mapatano yanayofaa, mmoja wenu ayaandike kwa namna tuliyojifunza leo, kisha mwingine ayasome kwa sauti kama anayemsomea mtu asiyejua kusoma. Kisha jibuni na swali hili: ni nani kati yenu ana gari au pikipiki, na bima yake inakwisha tarehe ngapi? Jibu litolewe bila kwenda kutazama karatasi.